Je, Trauti Atakaa Njukini?

Juma hili naomba ruhusa ya wasomaji niache kidogo habari za mahindi na za ng'ombe, nijibu barua iliyonifikia kutoka Njukini, upande wa Taveta, chini ya mlima Kilimanjaro. Walioiandika ni vijana sita waliokodi shamba moja karibu na mfereji. Wameuza nyanya na vitunguu misimu mitatu, wakaweka akiba, na sasa ametokea mtu anayewaambia waache kuhangaika na jembe, wachimbe mabwawa, naye atawaletea vifaranga vya samaki aitwaye trauti, tena yule wa upinde wa mvua, ambaye bei yake katika mahoteli hupita mbali bei ya perege. Zaidi ya hayo amewaambia ya kwamba samaki wakizidi watafunguliwa mtoni, na wageni watakuja kutoka Voi na kutoka mbuga ya Tsavo, wenye fimbo zao na buti zao ndefu za mpira, walipe ada kwa kila siku ya kuvua.

Vijana hao wanauliza mambo mawili. Kwanza, uvuvi huo wa nzi wa bandia ni uvuvi gani, na kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alipe fedha apate kusimama kutwa katika maji ya baridi? Pili, je, trauti atakaa Njukini?

Swali la pili ndilo lenye fedha ndani yake, kwa hiyo natoa jibu lake mapema ili mwenye haraka asingoje mwisho wa ukurasa: msimpe mtu huyo hata shilingi moja kabla hamjapima maji yenu kwa kipimajoto, saa nane za mchana, katika mwezi wa Februari na wa Machi. Sababu zake ni nyingi, nazo haziwezi kufahamika mpaka kwanza tumjue samaki mwenyewe na mambo ayapendayo.

Trauti wa upinde kwao si Afrika, wala si Ulaya. Kwao ni mito inayoingia katika bahari ya Pasifiki upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini, na ile ya Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi. Ni samaki mrefu wa mwili, mwenye madoadoa meusi yanayofika mpaka mkiani, na ubavuni ana mstari wa rangi ya waridi, ambao ndio uliompatia jina la upinde wa mvua. Jamaa yake, trauti wa kahawia, ndiye wa Ulaya, naye ndiye aliyetangulia kufika kwetu.

Habari ya kufika kwake ina jambo moja litakalowachekesha watu wa Taveta, au pengine litawachukiza. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka ziwa la Loch Leven katika Uskoti, yakaja kwa meli na kwa reli, kisha wapagazi wakapanda nayo milima ya Nyandarua mpaka mto Gura. Aliyeisimamia shughuli hiyo alikuwa Ewart Grogan. Huyu ndiye yule aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Rasi, kusini mwa Afrika, mpaka Kairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Ndiye yule aliyewachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Na ndiye yule ambaye baadaye, katika miaka ya 1930, alikuwa bwana wa mashamba makubwa ya katani huko Taveta, akajijengea nyumba juu ya kilima cha Girigan, ambayo watu huiita ngome ya Grogan hata leo. Habari za ardhi hiyo na za maji yake wazee wa Taveta wanazijua kuliko mimi, nami sitawafundisha.

Lakini mtazame mahali alipompeleka samaki wake. Alimpeleka Gura, ambao husemekana ni miongoni mwa mito yenye kasi kuliko yote ya Kenya, unaoshuka kutoka vilele ambako asubuhi huonekana sakitu nyeupe juu ya majani. Na trauti wa upinde alipoletwa yapata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini, naye alitiwa katika maji ya namna hiyo hiyo. Leo anapatikana katika mito ishukayo kutoka mlima Kenya, kama vile Sagana, Ragati, Thego, Naro Moru, Burguret na Nanyuki, na katika ziwa dogo la Rutundu, juu kabisa kwenye nyasi za baridi. Mwenye kuchora ramani ya trauti katika Kenya ataona kwamba anachora ramani ya baridi.

Sasa nije kwenye swali la kwanza, maana nakiri kwamba ndilo lililonipendeza zaidi.

Mvuvi wa Jipe au wa pwani hutia chambo katika ndoana, hufunga chubwi katika mshipi, huurusha, na uzito wa chubwi ndio unaouchukua mshipi mbali. Mvuvi wa nzi hana chubwi wala chambo. Ana ndoana ndogo, pengine ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, iliyofungwa nyuzi na manyoya ya jogoo mpaka ikafanana na mdudu. Kitu chepesi namna hiyo hakirushiki. Ukikitupa kitakurudia usoni. Kwa hiyo uzito umewekwa katika mshipi wenyewe. Mshipi wa uvuvi huu ni mnene, nao mvuvi huupeleka nyuma kwa fimbo yake ndefu inayopindika, hungoja kidogo mpaka umenyooka wote nyuma ya bega lake, kisha huuleta mbele, nao hufunguka juu ya maji kama mjeledi usio na sauti. Mwisho wa mshipi huo kuna uzi mwembamba usioonekana, na mwisho wa uzi ndipo alipo nzi, ambaye hushuka juu ya maji taratibu kama mdudu aliyechoka. Kungoja kule kidogo nyuma ndiko kunakowashinda wanafunzi. Mwenye pupa huleta mkono mbele kabla ya wakati, na nzi wake huishia katika miti, au katika sikio la mwenzake.

Kwa nini taabu yote hii? Ni kwa sababu ya chakula cha samaki mwenyewe. Katika mto wa kasi, chini ya mawe, wanaishi wadudu wengi wachanga ambao bado hawajaota mabawa. Siku yao ikifika hupanda juu, hupasua ngozi yao, huruka. Trauti huwala wanapokuwa chini, huwala wanapopanda, na huwala wanapoelea juu. Basi mvuvi hana budi kusoma mto kwanza. Huinua jiwe aone ni wadudu gani walioshikamana nalo, hutazama hewani aone ni wepi wanaoruka, ndipo afungue kikasha chake na kuchagua. Wako nzi wa kuelea na wako wa kuzama. Katika Kenya wavuvi wengi hupenda wa rangi nyeusi-nyeusi, mmoja wao ni yule aitwaye Kenya Bug, na mwingine Mrs Simpson, ingawa nimesikia watu wakibishana juu ya hao wawili kwa ukali ambao ungefaa zaidi mkutano wa kugawa mipaka ya mashamba.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa upande maji yatokako, maana huko ndiko chakula kinakotoka. Hasimami katikati ya kasi, kwa kuwa atachoka. Husimama nyuma ya jiwe, au pembeni mahali mkondo wa nguvu unapokutana na maji yaliyotulia, akingoja riziki iletwe mlangoni. Kwa hiyo mvuvi mwerevu humjia kwa nyuma, akipanda mto badala ya kuushuka, akiinama, bila kuacha kivuli chake kianguke majini, wala kugonga mawe kwa buti. Samaki huyu ana macho makali, na tetemeko la hatua ya mtu hulisikia mwilini. Akitishika mara moja, kidimbwi chote kimekwisha kwa asubuhi ile.

Akiuma, kazi nyingine inaanza. Uzi ule mwembamba hauwezi kumvuta kwa nguvu. Ukimkazia utakatika, ukimlegezea atatema. Mvuvi humwachia akimbie, kisha humrudisha, kisha humwachia tena, mpaka samaki amechoka na kuja katika kimia cha mkono. Na wengi wa wavuvi hao, baada ya kazi hii yote, humtoa ndoana polepole na kumrudisha mtoni. Najua jambo hili litachekwa sana na wazee wa Jipe. Lakini mtu anayewinda paa kwa ajili ya kitoweo na mtu anayecheza mpira hawaulizani ni nani mwenye akili. Huu ni mchezo, nao kama michezo yote una kanuni zake. Katika mito ya trauti ya Kenya tangu zamani uvuvi umekuwa wa kibali, nao ni wa fimbo na mshipi. Wavu, mgono na sumu ya miti ni makosa mbele ya sheria. Ndugu zetu wa Nyeri, ambao desturi zao za kale hazikuwa za kula samaki, waliishi miaka mingi kando ya mito ambayo walinzi wake waliwakamata watu kwa ajili ya samaki asiyekuwa wao, aliyeletwa na wageni, ili avuliwe na wageni.

Hayo yatosha kwa swali la kwanza. Sasa tushuke Njukini.

Njukini ni mahali penye neema ya maji, jambo ambalo mtu atokaye Voi halitazamii. Mvua na ukungu wa Kilimanjaro huzama katika mawe ya mlima, maji hupita chini kwa chini, kisha hutoka katika chemchemi mahali ambapo nchi imekwisha kuwa tambarare. Kutoka huko wakulima huyagawa kwa mifereji mpaka kwenye migomba, mahindi, maharagwe na nyanya. Mto Lumi hupita upande huo ukienda Taveta, na mwisho wake ni ziwa Jipe. Na maji ya Jipe hutoka kwa mto Ruvu, yakafika bwawa la Nyumba ya Mungu katika Tanzania, yakaingia Pangani mpaka baharini. Nawaomba vijana waikumbuke njia hiyo yote, maana nitairudia.

Maji hayo ni safi, nayo yanakwenda. Hapo yule mwuza vifaranga hakusema uwongo. Lakini trauti hahitaji usafi na mwendo peke yake. Anahitaji baridi. Maji yampendezayo ni yale ya nyuzijoto 10 mpaka 16 za Selsiasi. Yakipita 20, huacha kula na huanza kudhoofika. Yakikaribia 25, hufa. Sababu yake si siri. Samaki huvuta hewa iliyomo majini kwa matamvua yake, na maji kadiri yapatavyo joto ndivyo yanavyoshindwa kuishika hewa hiyo. Lita moja ya maji usawa wa bahari yenye nyuzijoto 10 huweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Yakifika 25 hubeba 8 tu. Na wakati huo huo mwili wa samaki, kwa kuwa umepata joto, unadai hewa zaidi kuliko mwanzo. Basi amepunguziwa posho siku ile ile aliyoongezewa kazi. Perege na kambale wameumbwa kuyavumilia hayo, lakini trauti hawezi.

Najua mtakavyojibu. Mtasema, maji ya chemchemi yetu ni baridi, ukiyanywa asubuhi yanauma meno. Ndugu zangu, jino si kipimo, wala mkono si kipimo. Mkono uliotoka juani huyaona maji ya nyuzijoto 21 kuwa ni barafu. Maji yatokayo chini ya ardhi kwa kawaida hukaribia wastani wa joto la hewa la mwaka mzima mahali yanapotoka, ingawa yale yaliyotoka juu sana mlimani yaweza kuwa baridi kidogo kuliko hapo. Njukini iko kwenye urefu wa mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mito ya trauti ya Kenya kwa kawaida iko juu ya mita 1,500, na mingi ni ya juu zaidi. Halafu, hata kama jicho la chemchemi lingekuwa na baridi ya kumfaa, maji yakiisha kutembea katika mfereji ulio wazi, chini ya jua la Taveta, kisha yakalala katika bwawa la kina cha mita moja, hayatakuwa tena yale yaliyotoka chini ya jiwe.

Wako watakaoona kwamba nahukumu kwa nadharia, basi nawapa mfano wa vitendo. Mwaka 1948 serikali ya wakati ule ilijenga vituo viwili vya kufugia samaki. Kimoja kilikuwa Kiganjo, karibu na Nyeri, kwa ajili ya trauti na samaki wa baridi. Cha pili kilikuwa Sagana, kwa ajili ya perege na samaki wa joto. Kutoka kimoja mpaka cha pili si safari kubwa, na mlima unaovipa maji ni mmoja. Kinachovitenga ni kwenda juu na kushuka chini: Kiganjo iko kwenye mita 1,800 hivi, Sagana kwenye mita 1,200 hivi. Wataalamu wale, wenye fedha za serikali na maji ya mlima Kenya, waliona kuwa mita 1,200 ni mahali pa perege. Njukini ni chini ya hapo.

Tena kuna jambo ambalo mwuza vifaranga hatalitaja. Katika mito ya mlima Kenya, kiangazi kikizidi na maji ya chini yakipata joto, trauti hupanda juu kufuata baridi. Huko juu mto upo, nao una maji. Lakini mito mingi ya upande wa Rombo hukauka kiangazi, na maji ya Njukini huanzia chini, kwenye chemchemi. Samaki wenu atakimbilia wapi? Ni kama kumjengea mtu nyumba yenye mlango mmoja, na mlango huo unaelekea motoni.

Na kuzaa je? Jike la trauti huchimba shimo katika changarawe safi kwa mkia wake, hutaga humo, dume huyarutubisha mayai, kisha hufukiwa. Mayai hayo yanahitaji maji ya baridi yapite katikati ya kokoto mchana na usiku. Katika nyuzijoto 10 huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi. Joto likizidi mayai huharibika, na matope yakiingia kati ya kokoto huyasonga. Kwa hiyo hata trauti wachache wangeokoka Njukini mwaka wa kwanza, mngekuwa wanunuzi wa vifaranga kila mwaka, kutoka kwa mtu yule yule, kwa bei aitakayo yeye. Labda ndiyo maana amekuwa mkarimu wa maneno.

Hesabu ya maji nayo si ndogo. Bwawa la perege hujazwa, kisha huongezwa kadiri linavyopungua. Bwawa la trauti ni kama mto uliofungiwa: maji lazima yaingie na kutoka bila kukoma, usiku na mchana, maana yakisimama kwa saa chache tu samaki waliosongamana humaliza hewa na kufa wote pamoja. Sasa, katika nchi ya mifereji maji huenda kwa zamu. Zamu ya jirani ikifika, mtamwambia nini? Kwamba migomba yake ingoje kwa sababu samaki wa kizungu hawapumui? Nimekaa ofisini miaka ya kutosha kuona majalada ya kesi za mifereji, nami nawaambia kwamba ni kesi zisizofungwa upesi. Chakula cha trauti pia ni cha kununuliwa, chenye protini nyingi kitokanacho hasa na unga wa samaki. Hamtamlisha pumba na majani ya viazi akanenepa.

Nimesema nitarudia njia ya maji kutoka Njukini mpaka Pangani. Mtu yule amewaambia kwamba samaki wakizidi watafunguliwa mtoni. Neno hilo moja lingetosha mimi kumwonyesha mlango. Katika ziwa Jipe na katika maji ya bonde la Pangani yupo perege wa aina yake, ambaye wataalamu wamemwita kwa jina la ziwa lenyewe, naye kwa asili hapatikani penginepo duniani. Katika ziwa Chala, lile la shimo la volkeno ambalo mpaka wa Kenya na Tanzania hulikata katikati, yupo perege mwingine, ambaye kwao ni mle ziwani tu. Wote wawili wamehesabiwa na wataalamu wa dunia kuwa katika hatari kubwa ya kutoweka. Na Chala tayari wametiwa perege wageni na mikono ya watu. Ziwa Jipe limekwisha kupata taabu za kutosha kwa udongo unaoletwa na mito na kwa mafunjo yanayolisonga.

Mtasema: kama trauti atakufa kwa joto, ataletaje madhara? Ni swali zuri. Pengine hataleta, kwa kuwa atakufa. Lakini mwenye desturi ya kumwaga vifaranga mtoni leo kwa trauti, kesho atamwaga wengine wasiokufa. Katika Afrika Kusini trauti aliyetiwa katika vijito vya baridi aliwala samaki wadogo wa asili mpaka katika vijito vingine wakaisha. Na katika ziwa Victoria sangara alitiwa katika miaka ya 1950. Ni kweli kwamba ameleta viwanda na fedha, lakini aina nyingi sana za samaki wadogo waliokuwa wa ziwa hilo tu hazionekani tena. Fedha za sangara tunaweza kuzihesabu. Wale wengine hawawezi kurudishwa kwa fedha yo yote. Ndiyo maana sheria haimruhusu mtu kuleta na kufungua samaki wa kigeni katika maji ya nchi bila idhini ya wakuu wa uvuvi. Mwulizeni mtu huyo idhini yake iko wapi, tena aionyeshe kwa maandishi yenye mhuri.

Sipendi kuwavunja moyo vijana kisha nikaondoka. Yapo mambo mawili ambayo ningeyatazama kama ningekuwa ninyi.

La kwanza ni bwawa la perege, kwa maji yale yale. Perege hukua vizuri katika nyuzijoto 25 mpaka 30, kwa hiyo jua ambalo lingemuua trauti litawafanyia ninyi kazi bure. Lakini nendeni kwanza kwa ofisa wa uvuvi, mkamwulize ni aina gani inayoruhusiwa katika bonde la Lumi, maana perege wa kigeni akitoroka huzaa na yule wa Jipe, na uzao wa asili hupotea hivyo, polepole, bila mtu kuona samaki hata mmoja aliyekufa. Mabwawa yawekwe mbali na mkondo wa mafuriko, na bomba la kutokea litiwe wavu wa matundu madogo.

La pili litawashangaza. Nzi wale wa bandia niliowaeleza hufungwa na mikono ya watu, si na mashine, na Kenya kwa miaka mingi imekuwa mojawapo ya nchi zinazowafunga kwa wingi kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Amerika. Mfungaji hushika ndoana katika jiliwa ndogo ya mezani, huzungusha nyuzi, hutia unyoya, hukata, humaliza kwa fundo na tone la vanishi, akaanza mwingine. Hesabu huwa kwa dazeni, na kila mmoja sharti afanane na mwenzake kama punje za hindi. Si kazi ya utajiri, wala sisemi muache nyanya. Lakini haihitaji mto wa baridi, wala zamu ya mfereji, na mwenye vidole vyepesi na subira anaweza kuijifunza. Wengi wa wanaoifanya hawajapata kumwona trauti akiwa hai.

Na kijana ambaye baada ya haya yote moyo wake bado unataka kumvua samaki huyo, apande gari mpaka Nyeri au Nanyuki, aulize ofisi ya uvuvi habari za kibali na za mito iliyofunguliwa, na kama mto umo ndani ya hifadhi ajue kwamba kuna kiingilio pia. Avae nguo nzito. Asubuhi ya Thego si asubuhi ya Taveta.

Ama kipimajoto, kinunuliwe kile cha maji, si cha homa. Pimeni mahali patatu: kwenye jicho la chemchemi, katikati ya mfereji, na pale mnapokusudia kuchimba bwawa. Kitumbukizeni kivulini kina cha mkono mmoja, mhesabu mpaka mia mbili kabla ya kusoma. Fanyeni hivyo alfajiri na saa nane mchana, siku kumi za Februari na siku kumi za Machi, mkaandike kila kipimo katika daftari pamoja na tarehe. Kipimo cha mchana cha pale bwawani kikipita 20 hata kwa siku mbili tatu, habari ya trauti imekwisha, na fedha zenu ziko salama mfukoni. Kikibaki chini ya 18 siku zote, jambo ambalo litanishangaza sana, nileteeni daftari hilo, nami nitalipeleka kwa ofisa wa uvuvi kwa mkono wangu.